Zimmer Ni Mkali, Sawa. Lakini Afrika Yake Iko Wapi?

Wasee, nianze na msimamo wangu kabisa ndio msisome hadi chini mkitafuta niko upande gani. Hans Zimmer ni mmoja wa watunzi wakali zaidi wa muziki wa filamu walio hai. Kazi yake bora ni The Lion King ya 1994, si Interstellar. Na mashabiki wake wa huku kwetu, mimi nikiwa mmoja wao, kuna swali hatujawahi kumuuliza, na sisi watu wa Nakuru tuna haki ya kuliuliza kuliko karibu mtu mwingine yeyote duniani. Swali linakuja. Tulieni.

Kwa wale wanaosema "Hans nani?", unamjua, ni jina tu hulijui. Ule mngurumo wa tarumbeta unaotingisha kifua kwenye Inception ni yeye. Kile kinanda cha kanisa kwenye Interstellar ambacho kila mtu anakiweka chini ya video ya graduation, yeye. The Dark Knight alifanya na James Newton Howard. Gladiator alifanya na Lisa Gerrard. Dune, yeye. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka wa 1957, na mwenyewe husema masomo yake ya piano yalidumu wiki mbili tu. Kabla ya sinema alikuwa mtu wa sinthesaiza London. Ukitazama vizuri video ya The Buggles ya 1979, ule wimbo wa video kumuua staa wa redio, utamwona amesimama pale nyuma na vinanda vyake. Oscar anazo mbili: ya kwanza alichukua 1995 kwa The Lion King, ya pili 2022 kwa Dune. Miaka 27 katikati. Hapo katikati ndipo ugomvi wa mashabiki unapoishi.

Kambi tatu

Nimebishana na watu wa kutosha hapa Milimani, kwenye matatu za kushuka tao, na hata nje ya kanisa, na nimegundua kila shabiki wa Zimmer yuko kwenye kambi moja kati ya tatu.

Kambi ya kwanza ni watu wa Interstellar. Hawa hawataki kusikia kitu kingine. Kwao muziki wa filamu ulianza 2014 na ukaisha 2014. Na kusema ukweli wana hoja. Christopher Nolan alimpa Zimmer karatasi moja tu yenye hadithi ya baba na mtoto wake, bila kumwambia kama filamu ni ya anga za juu. Zimmer akaketi, akatunga kipande kidogo ndani ya siku moja, na hicho kipande ndicho kikazaa filamu nzima. Halafu wakaenda kanisa la Temple, London, wakarekodi kinanda halisi cha kanisa. Ukisikia pumzi kwenye ule muziki, hudanganyiki, kinanda kinapumua kwa hewa. Ndio maana unahisi kuna kiumbe hai mle ndani.

Kambi ya pili inasema Zimmer ni kelele. Hawa walikasirika 2014 kwa sababu kwenye Interstellar kuna mahali muziki unameza maneno ya waigizaji, na Nolan akasema amefanya makusudi. Wanasema tangu Inception ya 2010 kila kionjo cha filamu Marekani kinanguruma vile vile, mpaka hata tangazo la sabuni linataka kukutisha. Nawaelewa. Lakini pia wengi wao wanasikiliza Zimmer kwa spika ya simu, na spika ya simu haina besi, ina mayowe tu. Ukitaka kumhukumu Zimmer kwa haki, mpe spika inayostahili. Hapa Nakuru hiyo si shida. Panda matatu yoyote yenye muziki wa maana, mwombe dereva aweke Inception badala ya gengetone, halafu uniambie kama hukuhisi kitu kwenye mbavu.

Tena ule mngurumo haukutoka hewani. Kwenye filamu kuna wimbo wa zamani wa Édith Piaf, yule mwimbaji wa Ufaransa, unaotumika kuwaamsha watu ndotoni. Zimmer aliuchukua, akaupunguza kasi sana, na kutoka pale akajenga zile tarumbeta nzito. Ukiwa ndani ya ndoto, wakati unaenda polepole, kwa hivyo hata wimbo unageuka mngurumo. Hiyo si kelele. Ni mtu amefikiria. Kama wengine waliiga mngurumo bila kuiga wazo, hiyo kesi ni yao.

Kambi ya tatu ndiyo kali zaidi. Inasema, "Huyu hata haandiki mwenyewe." Na hapa tusijifanye hatujui. Zimmer ana kampuni yake, Remote Control, na watunzi wengi wamepitia mle: John Powell, Ramin Djawadi wa Game of Thrones, Lorne Balfe na wengine. Pirates of the Caribbean ya kwanza, ya 2003, ina jina la Klaus Badelt kwa sababu Zimmer alikuwa amefungwa na The Last Samurai, ingawa mkono wake umo mle ndani. Kwa hivyo nani alitunga nini? Inategemea unauliza nani.

Mimi naiona kama gereji. Ukipeleka gari kwa fundi anayejulikana, huwa si yeye anayelala chini ya gari. Ni vijana wake. Fundi anasikiliza injini, anasema "hapo pana shida," anasimamia, anaonja kazi, na jina lake ndilo linalokuleta. Hakuna anayemwita tapeli. Lakini fundi mzuri utamsikia akisema, "Huyu kijana ndiye alikufungulia sanduku la gia, mkumbuke na ya chai." Swali la haki si kama Zimmer ana vijana. Swali ni kama vijana wanatajwa. Na yeye, tumpe haki yake, jukwaani huwataja wanamuziki wake kwa majina, na wengi waliotoka mle sasa wana majina makubwa yao wenyewe.

Kwa nini Lion King

Sasa nije kwenye kambi yangu, ambayo ina watu wachache.

Rudi utazame lile tukio la korongoni, nyumbu wakishuka. Usilitazame kama katuni ya utotoni. Funga macho usikilize. Ngoma zinaingia, kwaya inapanda juu yake, hakuna mahali pa kupumua. Halafu vumbi linatulia, Simba anamwendea babake, na muziki unakuwa mdogo sana, kama mtu anayejaribu kutolia mbele ya watu.

Zimmer alimpoteza babake akiwa mtoto mdogo. Amesema mara nyingi kwamba aliikubali ile kazi ili apate filamu ya kumpeleka bintiye, na alipofika kwenye kifo cha Mufasa ndipo akakutana na kitu alichokuwa hajawahi kukilia. Muziki ule ni wa mazishi ya babake. Na ukijua hivyo, kazi yake yote inabadilika. Gladiator ni mwanamume aliyeuliwa mke na mtoto. Interstellar ni baba anayemwacha binti. Ile karatasi ya Nolan ilimkuta mtu ambaye alikuwa tayari ameliandika jibu miaka 20 kabla. Zile tarumbeta kubwa ni nguo tu. Mwenyewe aliye ndani ya nguo ni mtoto anayemtafuta babake.

Hapo ndipo nasema Lion King inashinda. Kwenye Interstellar ametumia kinanda, mashine, kila kitu alichojifunza. Kwenye Lion King hakuwa na mahali pa kujificha.

Halafu kuna sababu ya pili. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Lebo M.

Lebo M ni mwana wa Soweto aliyeishi uhamishoni miaka ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa amefanya kazi na Zimmer kwenye The Power of One ya 1992. Ile sauti ya kwanza kabisa unayoisikia jua likichomoza kwenye Lion King, ile kila mtoto wa Kenya anaiimba kwa maneno ya kubuni, ni ya Lebo M, na ni Kizulu, ina maana yake kamili. Kwaya zile ni mkono wake. Toa Lebo M kwenye ile filamu, utabaki na simba wazuri kwenye okestra ya Ulaya. Shabiki anayemtaja Zimmer kwa Lion King bila kumtaja Lebo M amesoma nusu ya jalada.

Swali lenyewe

Haya, sasa.

Kabla ya kuichora Lion King, watu wa Disney walikuja Kenya kutazama mazingira, na wakafika Hell's Gate. Hell's Gate iko wapi? Naivasha. Naivasha iko kaunti gani? Nakuru. Ile miamba, yale makorongo, ule mwanga wa jioni: nyumbani. Majina je? Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Kiswahili. Hata ule msemo wa kutokuwa na matata ni wetu, na Disney wakauandikisha kama alama yao ya biashara Marekani, kitu kilicholeta kelele na sahihi nyingi mwaka wa 2018.

Kwa hivyo mahali ni petu, majina ni yetu. Sauti ni ya Afrika Kusini.

Sasa nenda kwenye Black Hawk Down ya 2001. Zimmer tena. Hadithi ni Mogadishu, vita vya Oktoba 1993, jirani zetu kabisa. Unasikia nini? Baaba Maal, wa Senegal. Rachid Taha, wa Algeria. Wote wakali, sina neno nao. Lakini kutoka Dakar hadi Mogadishu ni bara zima. Na Mogadishu haikuwa mji bubu. Wasomali walikuwa na bendi, walikuwa na Waaberi, walikuwa na kaban na waimbaji wa kike wa kutikisa ukumbi.

Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili naanza kuhesabu. Afrika ya Zimmer kila mara inatoka upande mwingine wa Afrika. Na si yeye tu. Beyoncé alipotoa albamu yake ya Lion King 2019, walikuwemo Wanigeria, Waghana, watu wa Afrika Kusini, na Wakenya wakauliza sisi tuko wapi kwenye hadithi inayoongea lugha yetu. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri.

Najua utasema: "Wee, hiyo ni katuni. Simba mwenyewe haongei Kiswahili wala Kizulu, anaongea Kiingereza cha Marekani." Kweli. Na pia utasema Lebo M ni Mwafrika, kwa nini tuanze kugawana? Sigawi. Kazi ya Lebo M ndiyo ushahidi wangu. Zimmer alipomtafuta mtu ambaye muziki wenyewe unaishi ndani yake, alipata kazi bora ya maisha yake. Njia ilikuwa sahihi. Nauliza tu mbona njia ile haikufika huku. Mtu hawezi kuchora Naivasha kwa makini hivyo, kila ufa wa mwamba, halafu masikio yakawa hayana haraka ya kujua Naivasha inasikika vipi.

Kwamba inawezekana

Inawezekana, tayari ilifanyika.

The Constant Gardener, 2005, ilipigwa Kenya, Kibera hadi Turkana. Mtunzi alikuwa Alberto Iglesias, Mhispania, na muziki ule ulimfikisha kwenye orodha ya Oscar. Lakini uliza mtu yeyote aliyeitazama anakumbuka wimbo gani. Atakwambia Kothbiro, wa Ayub Ogada. Nyatiti, nyuzi nane, sauti ya mtu mmoja ikisema mvua inakuja. Hakuna mngurumo, hakuna watu 100. Na unavunjika moyo kabisa.

Ogada aliwahi kupiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, kwa sarafu za wapita njia, kabla ya kurekodi albamu yake ya 1993 kwa Real World. Alifariki 2019. Wangapi kati yetu tuliweka picha yake siku ile? Na wangapi tungeweka ya Zimmer?

Na hapa Bonde la Ufa, msiseme hatuna. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alipita kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, akakuta wasichana wanaimba wimbo unaoitwa Chemirocha, ala ikiwa chepkong. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Marekani. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, watu wakalichukua jina, wakalipa matamshi ya nyumbani, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swara. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za ile rekodi zilirudishwa kwa wenyewe.

Fikiria hiyo. Wasichana wa Kipsigis walimpokea mgeni na wakamgeuza muziki wao, kwa ala yao, bila kuomba ruhusa. Sisi leo tuna simu, tuna programu za kutengeneza biti, tuna intaneti, na bado tunaweka Zimmer wa kuiga chini ya kila droni ya Menengai.

Ndiyo, nimesema. Hapo ndipo swali linapoturudia. Fungua video kumi za Ziwa Nakuru zilizotengenezwa na vijana wa hapa. Nyingi zitakuwa na ule muziki wa bure wa intaneti, tarumbeta, ngoma kubwa, kama flamingo wanaenda vitani. Kama sisi wenyewe, tunaoamka na kuliona ziwa kutoka huku Milimani, hatujui linasikika vipi, tunamlaumu Mjerumani wa California kwa lipi?

Mwezi uliopita nilikata video ya dakika moja ya ziwa alfajiri. Binamu yangu anapiga gita kanisani, nikamwomba anipigie kitu polepole, hakuna kuimba. Tulirekodi kwa simu, kuku wa jirani wakasikika ndani, nikawaacha. Sijapata watazamaji wengi kuliko kawaida, tusidanganyane. Lakini maoni yalibadilika. Kawaida watu huandika "moto" na "kali." Safari hii mtu aliyeko Doha kikazi aliandika kwamba ameisikiliza mara tatu kabla ya kuitazama. Hiyo mimi sijawahi kuandikiwa.

Basi tufanye nini

Sitaki tumkatae Zimmer. Msinielewe vibaya, mimi nitaendelea kumsikiliza nikiosha vyombo kama kawaida. Nataka tumpende kama watu wazima. Hivi:

Moja, ukimsifu, taja wenzake. Lion King ni Zimmer na Lebo M. Gladiator ni Zimmer na Lisa Gerrard. Ile sauti ya mwanamke inayokwaruza roho kwenye Dune ni Loire Cotler. Kutaja hakukugharimu kitu.

Mbili, kama unajiita shabiki wa muziki wa filamu na wewe ni Mkenya, nijibu bila kugusa simu: nani alitunga muziki wa Nairobi Half Life? Na Supa Modo? Sikupi jibu. Kaa hadi majina ya mwisho yapite, huwa tunazima mapema sana. Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, ilijaza wanamuziki wa kike wa Kenya, Muthoni Drummer Queen akiwemo, na ukiisikia unajua hii ni Nairobi, haiwezi kuwa kwingine. Hicho ndicho kipimo changu sasa. Nikifunga macho, najua niko wapi?

Tatu, kwa wenzangu tunaotengeneza video: kabla ya kuchukua ule muziki wa bure, uliza kwanza mtaani kwako nani anapiga nini. Halafu mlipe. Hata kama ni mia tano na chai, lipa, na uandike jina lake mahali linaonekana. Tumezoea kumwambia mwanamuziki "nitakupa jina." Jina halinunui unga.

Nne, hii ni kwa wewe uliyejifungia chumbani Section 58, Free Area au Lanet unatengeneza biti usiku. Zimmer alianza na wiki mbili za piano na ukaidi. Wewe una ngoma za nyanyako, una kwaya ya kanisa, una wazee wa chepkong ambao hawatakuwepo milele. Filamu ijayo ya Bonde la Ufa itahitaji mtu wa kuitungia muziki. Nikisema awe mtu wa huku, simaanishi apewe kwa huruma. Namaanisha awe tayari anajua kitu ambacho Zimmer hawezi kukijua hata akiletewa Hell's Gate yote studio.

Najua watu wa Interstellar mnakuja na hasira. Karibuni. Lakini ukija, njoo na wimbo mmoja wa kutoka kwenu ambao ungeuweka kwenye filamu, na jina la aliyeupiga. Bila hiyo sijibu mtu.